Kabla ya Kupima, Toa Ndoo

Jumatatu kompyuta iliamka na sura nyingine.
Usiku niliiacha programu imejaa vitufe vidogo
kama ufuta uliomwagika mezani;
asubuhi kuna vitano tu, vinono, vya mviringo,
na salamu: "Karibu! Sasa ni rahisi."
Rahisi kwa nani, niliuliza,
huku nikitafuta mkasi wangu ulikohamia.

Mimi si fundi wa picha. Nauza asali
hapa Kanyenye, nyuma ya duka la baiskeli,
kwa kilo, kwa robo, kwa chupa ya soda iliyosuuzwa.
Usiku, wateja wakiisha, nakata video za ukoo:
kipaimara, arobaini, nani kacheza,
nani kalia, nani kasinzia kitini.
Nalipwa sahani ya pilau
na lawama.

Kwenye biashara yetu kuna kanuni moja:
kabla ya kupima, toa uzito wa ndoo.
Basi nikatoa.
Nikatoa hasira ya kuhamishiwa vyombo nikiwa nimelala.
Nikatoa mazoea, maana mazoea nayo ni mazito.
Nikatoa wivu: miaka mitatu nilijifunza
safu juu ya safu, kama masega mzingani,
na sasa Mwashi wa jirani, darasa la sita,
anamaliza kwa kidole gumba kabla chai haijapoa.

Kilichobaki ndani ndicho asali. Tuone.

Haigandi tena. Hilo niliseme wazi.
Ile ya zamani ikifika dakika ya nane
ilisimama kama treni ya mizigo pale Malongwe,
na hakuna wa kukueleza kitu.
Hii inajihifadhi yenyewe, hata umeme ukikatika.
Na inasema Kiswahili! Cha kujifunzia, lakini kinasikika:
kazi ilipoisha iliniuliza, "Usafirishe nje?"
Nikacheka peke yangu. Asali yangu
niliihangaikia kibali cha maneno hayohayo
miezi minne, sikukipata.

Halafu kuna kitufe cha tano: "Safisha Maneno."

Nilikuwa na hotuba ya baba mdogo Mihambo
siku tuliyomuaga Nshoma. Baba mdogo ana kigugumizi.
Dakika kumi na moja. Neno "binti" peke yake
lilichukua muda wa mtu kumenya chungwa,
ukumbi mzima umeshika pumzi,
na lilipotoka, wanawake walipiga vigelegele
kana kwamba binti kazaliwa palepale.

Nilibonyeza kwa udadisi tu.
Dakika nne.
Baba mdogo anatiririka kama mtangazaji wa redio.
Chungwa hakuna. Vigelegele vimebaki,
vinaning'inia, havijui vinashangilia nini.

Nikasema: hapa nimekukamata.
Hukumu nikaiandaa, nikamwita mwenyewe aje aone alivyodhulumiwa.

Alikuja kofia mkononi, akakalia dumu tupu.
Akatazama. Akaomba tena.
Mara ya tatu alisogea mpaka pua ikakaribia kioo,
akamsikiliza yule mtu aliyevaa koti lake
akianza sentensi na kuifikisha mwisho.
"H-h-huyu," akasema, "hu-huyu
nimekuwa nikimsikia k-kichwani siku zote."

Nikajifanya nafuta mizani.

Sasa nina faili mbili.
Ya dakika nne anatembea nayo kwenye simu,
anawaonyesha hadi wakata tiketi wa stesheni.
Ya dakika kumi na moja ninayo mimi,
na Nshoma, aliyeniandikia kutoka Mpanda:
*nitumie ile ndefu, usimwambie.*

Mkiniuliza kama programu mpya inafaa,
mshale haujatulia. Asubuhi unaelemea huku,
jioni kule.
Ila nyie mlioiunda, popote mlipo,
sisi watu wa kawaida tunauliza kitu kidogo tu:
kile kitufe cha kurudisha kilichokatwa,
mmekificha wapi?
Nakitafuta tangu Jumatatu.