Kisanduku cha Pili

Fomu ya sensa imekuja na theluji,
nami, kwa kuwa ndimi mwenye kusoma humu ndani,
nimeketishwa mezani kabla wali haujapoa.

Mji wetu ni wa bata mzinga, Dakota Kusini.
Ati zamani nusu ya maduka yalipigiliwa mbao.
Leo moja linauza samaki wa kuvundikwa,
na Walutheri wametuachia kanisa
kila Jumapili, saa nane mchana,
tukiimba mpaka vioo vinatoka jasho.
Tumeongezeka, ndiyo maana tunahesabiwa.

*Je, mtu huyu husema lugha nyingine nyumbani?*
Ndiyo. Naandika: Kikareni.
Mstari ni mfupi,
hauna pa kuweka sauti inapopanda na kushuka.

*Kiingereza anakisema vipi?*
Visanduku vinne:
vizuri sana, vizuri, si vizuri, hajui kabisa.

Mama anakanda vidole vilivyokufa ganzi.
"Weka cha mwisho," asema,
"wasije wakaniita kwenye mikutano."

Kweli, akiba yake haijazi kiganja:
kisu, baridi, samahani, saa za ziada,
na ile "ndiyo" anayoijibia kila kitu,
hata penye kutaka "hapana";
ndivyo tulivyojikuta na simu tatu za mkataba
na gazeti la wawindaji wa kulungu.

Lakini Novemba, zamu ya usiku,
mkanda wa mashine uliuma sweta ya Eulalia,
Eulalia wa milima ya Guatemala,
ambaye naye Kihispania chenyewe alikikuta ukubwani.
Kila mmoja alipiga kelele kwa lugha ya mama yake,
na mkanda, usiojua hata moja, ukazidi kuvuta.
Ndipo mama,
mama ambaye sauti yake kanisani haivuki benchi la pili,
akalitoa neno moja la Kiingereza, zima, halina kovu:
*Simama!*
Msimamizi alibonyeza kitufe
kabla hajajua nani kasema.

Sweta ilipoteza mkono. Eulalia hakupoteza wake.
Tangu siku hiyo wakikutana penye makabati
hawaulizani habari.
"Simama!" asema mmoja.
"Simama!" ajibu mwenziwe,
na wanapita wakicheka, kofia za nyavu kichwani.

Sasa nambie, ewe fomu,
neno kama hilo lina kisanduku gani?

Natia alama cha pili.
"Umeweka wapi?" mama auliza.
Nami niliyezaliwa hapa, hodari wa darasa,
natafuta "vizuri" kwa Kikareni,
naipata, naipandisha
pale ilipotaka kushushwa,
na linatoka neno jingine kabisa.

Mama kacheka mpaka kaweka kijiko chini,
kafuta macho kwa kiwiko.

Hadi leo hajaniambia nilisema nini.