Saa ya Arobaini na Tisa

Mimi ni mpiga chapa wa Mahakama Kuu, Tanga.
Sheria siijui; nazijua nafasi zake:
wapi pana mkato, wapi aya inapinda,
na neno "isipokuwa" linavyojificha katikati ya sentensi
kama jiwe ndani ya wali.

Mwaka ule kipindupindu kiliingilia Mikanjuni,
kikashuka Makorora, kikabisha hodi Ngamiani.
Watu kumi na mmoja tuliwazika ndani ya nailoni,
hawakuoshwa na mikono iliyowalea.
Nayaandika haya mapema, asije mtu akasema
Mkuu wa Mkoa aliogopa kivuli.

Alisema redioni, Jumanne asubuhi:
"Kuanzia leo chakula cha njiani marufuku.
Atakayewasha jiko, nitamweka ndani."
Si tutamweka.
Nitamweka.
Niliusikia umoja ule nikiwa nafunga viatu.

Mwantumu Semkiwa, Barabara ya Kumi na Tano,
aliwasha. Maharage alikwisha kuyaloweka tangu usiku,
na maharage hayasikilizi redio.
Wakaja na gari, wakamwaga, chungu kikapasuka,
mbwa wakala,
yeye akapakiwa.

Saa arobaini na nane: ndiyo kamba aliyopewa mkuu.
Inatosha kumzuia mbuzi asile shamba,
haitoshi kumnyonga.
Na kamba yenyewe ina fundo: aandike sababu,
nakala imfikie hakimu.
Sababu haikuandikwa.
Saa ya arobaini na tisa ikapita
kama zipitavyo saa zote, haikupiga kelele.
Ikapita ya sitini. Ikapita ya mia.
Pale kituoni askari wa zamu akasema
saa ya ukutani imekufa betri.

Siku ya sita mdogo wake, Hoza, fundi baiskeli,
akaja kortini na grisi mikononi.
Alichokuja kuomba hakujua kinaitwaje.
"Nataka mumlete," alisema, "mumwone kwa macho."
Kumbe ndivyo kinavyoitwa.

Wakili wa serikali alikuwa hodari, sikatai.
Alisema: Mheshimiwa, nyumba ikiungua,
nani huuliza maji yamechotwa kisima cha nani?
Ukumbi ukaguna. Hata vidole vyangu vilisita.
Jaji akavua miwani, akaifuta kwa pindo la joho.
"Aliyebeba maji simuulizi.
Namuuliza aliyemfungia mtu ndani ya nyumba hiyo hiyo,
watu thelathini, ndoo moja,
kisha akaondoka na ufunguo."

Hukumu ilikuja kurasa nne; nilizipiga usiku ule ule.
Ukurasa wa pili ulimpa Mkuu kilicho chake:
majiko yabaki baridi mpaka ugonjwa upoe.
(Hoza hakulipenda hilo. Alitaka ushindi mzima.)
Wa tatu ulimvua asichovishwa na mtu:
dharura humpa mtawala haraka,
haimpi mamlaka.
Mwantumu aachiwe sasa.
Jaji alikuwa ameandika "mara moja",
akakata kwa wino, akaandika "sasa".

Miezi miwili baadaye ilikuja amri nyingine,
ya kijana aliyeuza maji machafu Duga.
Ilikuja na nakala, na sababu mistari mitatu,
na saa ya kukamatwa, na makosa mawili ya tahajia.
Sijapata kuyapenda makosa kama yale.

Lakini siku ile Mwantumu alipotoka,
kanga yake inanuka dawa ya choo,
hakumshukuru jaji wala hakumlaani mkuu.
Alikuja dirishani kwangu, akaniuliza, kwa upole,
nani atalipa chungu.

Nimeipitia hukumu mara mbili.
Kuna tarehe, kuna sahihi, kuna muhuri wa bibi na bwana.
Chungu hakimo.