Mizani ya Maharage

Mizani ya kituo chetu, hapa Kadutu, inaishia mia na thelathini.
Ndiyo maana mwaka ule wa kwanza nilimtuma Mama Cibalonza
kwenye depo ya maharage, chini ya soko,
akapimwe kati ya magunia.
Alirudi na namba kiganjani, kwa wino wa bik:
mia na arobaini na nane.
"Wamecheka," akasema. "Lakini hawakunilipisha."

Nami niliandika nini? Daftari lipo.
Machi: apunguze fufu, apunguze mawese, atembee.
Septemba: atembee.
Mwaka uliofuata, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka:
hana nia.

Atembee!
Mwanamke anayepanda ngazi za mtaa huu kila alfajiri,
beseni la sambaza kichwani,
magoti yakilia kama bawaba,
na mimi, niliyeletwa na pikipiki hadi mlangoni,
namwambia atembee.

Leo sukari iko juu, dawa tatu hazijafua dafu.
Anafungua pindo la kitenge, anatoa kikaratasi.
Mtoto wa dada yake aliye Kigali amemwambia
kuna upasuaji, mfuko wa chakula unapunguzwa.
"Wewe ulijua, Dokta?"

Nilijua.
Miaka sita, kama mtu ajuavyo deni.
Nilisema moyoni: kisu ni njia ya mkato.
Nilisema: hata nauli ya kuvuka mpaka hana
(sikumuuliza).
Nilisema: Bukavu hii watoto wanalala njaa,
nitamwandikiaje barua mtu wa kushiba?
Lakini Murhula mwenye ngiri nilimtuma siku ileile,
wala sikutaka kujua kwanza alibeba nini.

Navuta karatasi yenye mhuri.
Kwa mwenzangu, daktari wa upasuaji.
Kalamu inasimama penye uzito.
Namba ya kiganjani iliondoka zamani na maji ya samaki.
"Turudi depo?" anauliza,
na sauti yake haina hasira; hilo ndilo linaloniuma.

Tunashuka wote, manyunyu yameanza.
Natangulia mimi kupanda kwenye bamba la chuma.
Kijana wa magunia anasoma: themanini na tatu.
Kisha yeye. Kijana anafungua mdomo,
ananitazama,
anasoma namba tu.

Naandikia juu ya gunia, karatasi ikitobokatoboka.
Mama Cibalonza anachungulia begani kwangu.
"Andika na zile ngazi, Dokta.
Asije naye akaniambia nitembee."