Nukta

Sikatai deni.
Liandike hilo kwanza, mwanangu, kabla ya jina,
kabla ya nambari ya kitambulisho:
Glaila binti Suweid, wa Mabela, nyuma ya gereji za matairi,
hakatai deni.

Kiyoyozi nilikichukua Ramadhani ya mwaka juzi,
cha zamani kilipoanza kukohoa mchanga,
na mume wangu hana pumzi za kugawana na joto.
Riali mia mbili, mafungu kumi na sita,
kila fungu riali kumi na mbili na baisa mia tano.
Nimelipa tisa. Yamebaki saba.
Hata mjukuu wangu, anayehesabu mpaka vidole vya miguu,
anafika themanini na saba na nusu, kisha anataka biskuti.

Barua yenu inasema elfu themanini na saba na mia tano.
Nimeisoma nimesimama. Nimeisoma nimekaa.
Nikamwita jirani, nikidhani kosa ni la macho yangu.
Kwa fedha hizo, mwanangu, ningenunua nyumba ya ghorofa
nikakaa uani nikaagiza theluji kwa gunia.

Mmenipigia alasiri, mmenipigia nikiwa arusini,
sauti ya mtu asiyesalimu,
ananiita "mteja" kana kwamba ndilo jina
nililonyolewa nalo siku ya saba.
Nikamwambia: hapa riali moja ni baisa elfu,
nyuma ya nukta hukaa tarakimu tatu.
Huko ulikosomea hesabu labda ni mbili.
Akanijibu: mfumo ndio unaosema.

Mfumo.
Sijui anakaa ghorofa ya ngapi, bwana huyo.
Nimepanda lifti hapa Ruwi, juu ya duka la kubadilisha fedha,
kumtafuta, na mfuko wangu wa risiti.

Risiti zenyewe hizi. Tazama.
Nilizisahau kwenye dashibodi ya gari, mwezi wa saba;
joto limezichoma, nyeusi tii, kama chapati isiyogeuzwa.
Ndiyo maana nimeleta na daftari.

Mimi hushona kofia.
Miaka thelathini natoboa, nazungusha uzi, nahesabu matundu.
Tundu moja likihama, ua zima linapinda,
na mwenye kichwa atachekwa msikitini.
Basi usinifundishe udogo wa nukta.
Hii yenu imeota mkia, imekuwa mkato,
na mkato huo ndio mnaotaka kunikatia shingo.

Ndivyo nilivyomwambia.
Kijana alitazama skrini. Akajikuna shavu.
Akasema: Mama, jaza fomu.
Nikajaza, kwa mkono wa kofia, herufi zimekaa safu.

Wiki tatu kimya. Kisha barua:
tumesahihisha, salio lako ni 8.750.

Nilicheka peke yangu jikoni hadi chai ikafurika.
Mume wangu akasema, kwa pumzi alizonazo,
Nyamaza, Glaila. Mungu kakuletea.
Nikamwambia: Mungu haandiki barua yenye nambari ya faili.
Na siku nitakapolazwa mbele ya safu,
mtu akageuka kuuliza watu, nani anamdai marehemu,
sitaki nukta ndiyo iinue mkono.

Leo nimerudi.
Meza ile ile, kijana yule yule; kifuani kaandikwa Yaarub.
Nimemwekea themanini na saba na nusu,
ile nusu ni noti moja, imekunjwa nne, inanuka iliki.
Hazipokei.
Anasema mfumo unadai nane na baisa mia saba na hamsini,
na fomu ya kulalamika kwamba unadaiwa kidogo
haijawahi kuchapishwa.

Basi nimekaa.
Nimetoa kofia, nimetoa sindano.
Kiyoyozi chao hapa hakikohoi.
Nina matundu mia nne ya kumaliza.