Sipaki Mafuta

Mama anasema nimepauka.
Anasema mikono yangu ni ya mtu aliyekanda chokaa,
na binti ambaye mama yake anapika mafuta ya nazi mwenyewe
hana udhuru wa kutoka hivi mbele za watu.

Sipaki mafuta siku ya zamu, mama.
Si ya nazi, si ya mgando.
Hata chipsi nakula kwa uma, kisha nanawa hadi viwiko.
Oksijeni haitaki grisi. Vikikutana
vinawaka bila kiberiti.

Saa sita usiku, karakana ya ndege, Kipawa.
Ndimbo ameunganisha pampu, ananyonya hewa polepole.
Tunaidanganya swichi isiyozidi kidole gumba:
magurudumu yako sakafuni, mbu wanatula vifundo,
lakini yenyewe inaamini inapanda.
Imeipita Mandara
na honi inalia,
inakatika, inalia, inakatika,
kama mtoto aliyepaliwa.
Futi elfu kumi. Naandika.
Ndimbo anaongeza. Horombo imebaki nyuma,
vifuniko juu ya viti vinafunguka kwa mpigo mmoja
na vikombe vya njano vinamwagika, vinabembea safu kwa safu,
mpapai uliozaa wote usiku mmoja.

Nilipoanza kazi niliuliza: honi ya nini?
Mtu akikosa hewa si atajua?
Hajui.
Njaa huuma. Kiu hukwaruza koo.
Kukosa hewa kule juu hakuumi,
hukuchekesha, hukufanya useme niko sawa tu
na kucha zako zimeshakuwa zambarau.
Ndiyo maana kumewekwa kitu kisicho na pua
kikuone usipojiona.

Kila kasha la hewa tunalichomeka pini kabla ya jaribio,
pini yenye utepe mwekundu, lisije likajiwasha.
Zilitoka arobaini na nane.
Saa tisa na nusu zimerudi arobaini na saba.

"Umekosea kuhesabu," akasema Rweyongeza,
msimamizi, si mtu mbaya,
ana karatasi mkononi na ndege ya Mwanza ya alfajiri.
Nikahesabu tena mbele yake, juu ya taulo jeupe.
Arobaini na saba.
"Siwema."
Sikujibu. Nikapanda ngazi.

Pini iliyosahaulika haipigi honi.
Kifuniko kitafunguka. Kikombe kitashuka vizuri.
Mama wa watu atakivuta, ataubana usoni mpira,
atavuta pumzi,
hakitakuja kitu.

Kiti kwa kiti, tochi mdomoni.
Safu ya kumi na nne, dirishani,
utepe ulikuwa umejikunja nyuma ya mrija
kama ulimi wa mtu anayetania.
Nikauchomoa.
Mikono ilitulia kabisa. Ilikuja kutetemeka baadaye,
nikikunja mrija wa mwisho, nikaurudia mara tatu.

Rweyongeza akasaini chini ya jina langu.
Hakusema neno. Akaninunulia chai, akasahau sukari.
Ndege ikachelewa dakika arobaini.
Nilipita lango la abiria, nikasikia mzee mmoja akifoka:
hawa watu huwa wanafanya nini usiku kucha?

Nimefika Kipunguni, mama yuko uani, anafua.
Ikapita juu yetu. Maji yakatetemeka beseni.
"Hiyo ndiyo yako?"
Ndiyo.
"Na hayo madude yako, leo yatafanya kazi?"
Mungu apishe mbali, mama. Yasifanye.
Na kesho yasifanye. Yakae yamekunjwa gizani
hadi ndege izeeke, iuzwe kwa kilo.

Akaniangalia kwa muda. Akakung'uta povu,
akaingia ndani, akatoka na kichupa.
"Zamu yako nyingine lini?"
Alhamisi.
"Haya, lete mikono."