Ukoo wa Panya

Wasemao ukoo wa panya ni wezi watupu
hawajaliona daftari la Tuulikki:
nani kamzaa nani, nani alikufa kwa uvimbe
kabla ya miaka miwili,
nani mapafu yalimpiga mluzi hadi mwisho.
Jina lenye mstari mwekundu halizai tena,
hata la yule dume wa kijivu, mzuri kama moshi.

Nje, Tampere imezama thelujini.
Kengele yalia. Baba na mwanawe,
na sanduku la viatu lililotobolewa matundu.

"Tumemfuata mmoja."
"Mmoja simtoi."
"Ni panya tu, mama."
"Ndiyo. Na panya hulala juu ya panya."

Mkisafiri, watabaki na nani?
Daktari wao mmeshampata? Na paka, je?
Baba anatazama saa.
Mtoto, Eelis, kuna kitu kimemwingia mkono wa sweta,
kinapanda, naye anacheka bila sauti.

Waliondoka mikono mitupu.
Jumamosi wakarudi: baba kabeba kizimba cha ghorofa tatu,
jasho likimchuruzika chini ya kofia ya sufu.

Tuulikki akawapa ndugu wawili, majike,
kipande cha blanketi chenye harufu ya mama yao,
na karatasi: *Mkishindwa, iwe mwakani, iwe usiku wa manane,
warudisheni hapa.*

Mlango ulipofungwa, akaandika anwani mpya
mbele ya majina mawili.
Kalamu ikasita.
Kizimbani mama mzazi alikuwa akizunguka
kona kwa kona, akihesabu,
na hesabu haitimii.