Sifuri Mbili

Torgny, nakuandikia kutoka Vaasa.
Ghuba imeganda hadi pale macho yanapochoka,
na asubuhi hii bahari yako imenifikia mezani,
faili moja, gigabaiti arobaini,
bila ule muhuri mwekundu wa siri.
Nimeifungua kama mtu anayefunguliwa mlango
na jirani aliyemsikia akikohoa miaka thelathini.

Unakumbuka vina vyetu vilivyogoma kulingana?
Ninyi mlipima kutoka sifuri yenu,
sisi kutoka sifuri yetu,
na kati ya sifuri na sifuri
palikuwa na kitu, nani angedhani:
sentimita kumi na tisa,
haitimii hata shubiri.
(Ndiyo sababu barua hii nayo inatembea bila vina.)

Mwamba ulikuwa mmoja.
Kwenu Gråhuvud, Kichwa cha Kijivu.
Kwetu Hylkeenselkä, Mgongo wa Sili.
Mwamba ngoma huvutia kwake;
mwamba wa mawe, sisi kila mmoja aliusukumia kwa mwenzake,
ninyi mashariki kidogo, sisi magharibi kidogo,
mpaka mchapaji mmoja wa Hamburg, mtu wa nia njema,
akazilaza ramani zetu pamoja
akachora miamba miwili,
na katikati mita mia mbili za buluu,
safi kama barabara ya Jumapili.

Holger Nyby akapita hapo usiku wa Novemba
na shehena ya mbao.
Hakufa mtu. Mbao zilielea hadi Krismasi.
Kwenye baraza la uchunguzi aliweka kidole juu ya karatasi,
akasema, "Nilipita mlangoni."
Mlango ule, Torgny,
tuliuchonga sisi kwa kununiana.

Halafu vikao. Kahawa, mikate ya iliki,
mwanasheria wetu akiuliza mara nne data ni mali ya nani,
wa kwenu akijibu mara nne kwamba swali ni zuri.
Miaka mitatu tukijadili aya moja.
Wewe ulichora sili pembezoni mwa ajenda;
mimi nikajua hapo kwamba tutaelewana.

Sasa sikia. Nina karatasi ya babu yangu Armas,
aliyetoboa barafu kila hatua mia,
akashusha risasi kwa uzi, akaandika kwa penseli
huku akiupumulia wino wa vidole vyake.
Kwenye tundu la mwisho ameandika:
"Hapa barafu nyembamba. Nimerudi."
Baada ya hapo karatasi ni nyeupe,
nyeupe miaka sabini.
Leo nimeitandika faili yako juu yake.

Palipo peupe kwangu, kwako pana tarakimu,
Pakomapo uzi wangu, wako unashika zamu,
Chini ya povu na wingu, jiwe ni moja dawamu,
Si lako wala si langu, lapanda kwa yake hamu.

Ndiyo, lapanda.
Tangu ile barafu kuu ya kale iondoke
nchi hii inajiinua polepole,
kama godoro aliloliacha mlalaji mzito,
milimita nane kwa mwaka.
Sisi tukibishana sifuri ya nani ni ya kweli,
jiwe lilikuwa njiani.
Ninyi mlilipima zamani, sisi juzijuzi;
huenda sehemu ya ugomvi wetu
ilikuwa umri wake tu.

Kwenye jedwali jipya nimeandika majina yote mawili.
Sifuri, moja.
Na tarehe, maana kina hiki
ni kweli ya siku yake.
Nitumie tena mwakani.

Nyby amestaafu. Nilimpelekea nakala nyumbani.
Alivaa miwani, akapitisha kidole taratibu
pale mlango ulipokuwa,
akakirudisha, akakipitisha tena.
"Ulikuwa mpana," akasema.